Jinsi Marekani inavyowatengea zabuni wanajeshi waliolemaa kazini

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Hata hivyo, mwanajeshi anayerudi nyumbani akiwa amepoteza mguu, uwezo wa kusikia au utulivu wa akili mara nyingi huvikwa nishani siku moja, kisha akasahauliwa.

Swali linalozikabili serikali nyingi duniani ni hili: baada ya nishani na malipo ya kila mwezi, taifa linadaiwa nini tena na mtu huyo?

Marekani ina jibu moja ambalo halijulikani sana huku kwetu. Serikali ya nchi hiyo imejiwekea lengo la kutoa sehemu maalum ya zabuni zake kwa biashara ndogo zinazomilikiwa na wanajeshi wa zamani waliopata ulemavu wakiwa katika utumishi.

Chini ya mpango huo, mwanajeshi hapokei pesa za bure. Hupewa nafasi ya kuiuzia serikali bidhaa au huduma, na hulipwa akishatimiza kazi yenyewe kama mkandarasi mwingine yeyote.

Kazi hizo ni za kila aina: kukarabati hospitali, kusambaza vifaa vya matibabu, kutunza makaburi ya kitaifa ya wanajeshi, kuweka mitambo ya kompyuta, ulinzi na usafirishaji.

Kiasi cha pesa kinachohusika si haba. Katika mwaka wa kifedha wa 2023, serikali kuu ya Marekani ilitumia zaidi ya dola bilioni 750 katika kandarasi. Kati ya hizo, karibu dola bilioni 32 zilienda moja kwa moja kwa biashara za kundi hili.

Lakini safari ya kufika hapo ilikuwa ndefu. Ilipitia bungeni mara kadhaa, ikaingia Ikulu, ikafika katika Mahakama ya Juu, na njiani ikavamiwa na walaghai. Historia hiyo ina mafunzo kwa taifa lolote linalotenga zabuni kwa wanyonge, Kenya ikiwemo.

Ahadi ya asilimia tatu

Desturi ya kuwapendelea askari waliojeruhiwa ni ya kale nchini Marekani. Mnamo Machi 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokaribia kumalizika, bunge la Congress lilipitisha azimio la kuwapa kipaumbele katika ajira za serikali askari walioachishwa kazi kwa sababu ya majeraha au maradhi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, sheria ya 1944 iliwafungulia wapiganaji waliorejea milango ya vyuo vikuu na mikopo ya nyumba na biashara. Shirika la kusimamia biashara ndogo, maarufu kama SBA, likaundwa mnamo 1953.

Hata hivyo, kwa miaka mingi hapakuwa na sehemu yoyote ya zabuni iliyotajwa kuwa ya mwanajeshi mlemavu. Makundi mengine, yakiwemo wanawake na jamii zilizobaguliwa kwa muda mrefu, tayari yalikuwa yamewekewa malengo yao.

Pengo hilo lilianza kuzibwa Agosti 17, 1999, Rais Bill Clinton alipotia saini sheria iliyoweka lengo la angalau asilimia tatu. Kila mwaka, asilimia tatu ya thamani ya kandarasi za serikali kuu ilipaswa kuwafikia wafanyabiashara hao.

Sheria hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa. Ilitaja lengo bila kumpa afisa wa ununuzi chombo cha kulifikia. Afisa hakuwa na mamlaka ya kutenga zabuni ili ishindaniwe na wanajeshi hao pekee.

Matokeo yalikuwa yale yanayotarajiwa. Miaka ilipita huku kiwango kilichofikiwa kikiwa sehemu ndogo tu ya kile kilichoahidiwa.

Desemba 2003, wakati majeruhi wa Iraq na Afghanistan walipokuwa wakijaa hospitalini, Congress ilirekebisha kasoro hiyo. Sheria mpya iliwaruhusu maafisa kutenga zabuni kwa ajili ya kundi hilo na, katika mazingira maalum, kutoa kandarasi moja kwa moja bila ushindani.

Oktoba 2004, Rais George W. Bush alitoa amri iliyozitaka wizara na mashirika yote kuandaa mikakati ya kutimiza lengo hilo.

Pamoja na yote hayo, ilikuwa hadi mwaka wa kifedha wa 2012 ndipo serikali ilipovuka kiwango cha asilimia tatu kwa mara ya kwanza. Ahadi ya 1999 ilikuwa imechukua zaidi ya miaka 12 kutimizwa.

'Anaweza' na 'lazima'

Ili kuelewa kuchelewa huko, sharti msomaji atazame neno moja katika sheria ya 2003. Ilisema kuwa afisa wa ununuzi "anaweza" kutenga zabuni. Haikumlazimisha.

Afisa aliyezoea kununua kutoka kwa kampuni fulani kubwa angeendelea kununua huko bila kuvunja sheria yoyote. Lengo lilikuwa la serikali nzima, kwa hiyo hakuna afisa mmoja aliyebeba lawama.

Desemba 2006, Congress ilipitisha sheria nyingine iliyoihusu Idara ya Wanajeshi Wastaafu pekee, ambayo hujulikana kwa kifupi kama VA. Hii ndiyo idara inayoendesha hospitali takriban 170 za wanajeshi wa zamani, hivyo ni mnunuzi mkubwa mno.

Safari hii wabunge walitumia lugha kali. Walisema kuwa afisa wa VA sharti atenge zabuni iwapo kanuni ijulikanayo kama Kanuni ya Wawili imetimia.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Kabla ya kutangaza zabuni, afisa hujiuliza maswali mawili. Kwanza, je, inatarajiwa kwamba angalau biashara mbili za wanajeshi hao zitawasilisha maombi? Pili, je, kazi inaweza kutolewa kwa bei ya haki inayomfaa mlipa ushuru?

Jibu likiwa ndiyo kwa yote mawili, zabuni hufungiwa kundi hilo. Likiwa la, milango hufunguliwa kwa wengine kwa utaratibu uliowekwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hospitali ya VA inataka kubadilisha paa. Afisa akichunguza soko anapata kampuni tatu za ujenzi za wanajeshi walemavu katika jimbo hilo, zote zikiwa na uzoefu wa mapaa. Hapo hana hiari. Zabuni ni ya kampuni za aina hiyo, nazo zitashindana kwa bei na ubora.

Katika VA, zamu ya kwanza ni ya biashara za wanajeshi wenye ulemavu, ya pili ni ya wanajeshi wengine wa zamani, kisha makundi mengine ya biashara ndogo hufuata.

Kesi iliyobadilisha mambo

Licha ya lugha hiyo, VA iliendelea kununua bidhaa na huduma nyingi kupitia orodha ya wauzaji walioidhinishwa mapema na serikali. Ilishikilia kuwa ununuzi wa aina hiyo haufungwi na Kanuni ya Wawili, na kwamba maadamu ilikuwa imetimiza malengo yake ya mwaka, haikulazimika kuitumia kila mara.

Mnamo 2012, idara hiyo ilinunua huduma ya kutuma arifa za dharura kwa hospitali zake kutoka kwa kampuni isiyomilikiwa na mwanajeshi wa zamani. Kampuni ya Kingdomware Technologies kutoka Maryland, inayomilikiwa na mwanajeshi mlemavu, ililalamika kuwa kanuni ilikuwa imepuuzwa.

Kampuni hiyo ndogo ilishindwa katika mahakama ya madai. Ikakata rufaa na kushindwa tena mnamo 2014. Wengi wangeshika njia na kwenda zao.

Juni 16, 2016, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi ulioshangiliwa na wanajeshi wastaafu kote nchini humo. Majaji wote wanane, kupitia hukumu iliyoandikwa na Jaji Clarence Thomas, walisema kuwa neno "lazima" maana yake ni lazima.

Mahakama ilieleza kuwa sheria haikuweka ukomo kwamba kanuni itumike hadi lengo la mwaka litimie kisha iachwe. Ni sharti itumike katika kila kandarasi, ikiwemo ile inayonunuliwa kupitia orodha ya wauzaji.

Tangu hapo, afisa wa VA anayetaka kuikwepa kanuni hiyo hana budi kuonyesha kwamba alichunguza soko na hakupata biashara mbili zinazofaa.

Nani anastahili?

Kwa mujibu wa kanuni za SBA, biashara hutambuliwa ikiwa imetimiza masharti kadhaa.

Kwanza, sharti iwe biashara ndogo kwa vipimo vya sekta yake. Vipimo hivyo hutegemea mapato ya wastani au idadi ya wafanyakazi, na hutofautiana kati ya sekta moja na nyingine.

Pili, angalau asilimia 51 ya umiliki iwe mikononi mwa mwanajeshi mmoja au zaidi wenye ulemavu uliotokana na utumishi. Umiliki huo uwe wa kweli usiofungwa na masharti ya pembeni.

Tatu, mwanajeshi huyo ndiye aiendeshe biashara. Anatakiwa kushika wadhifa wa juu zaidi, kufanya maamuzi ya kila siku na pia yale ya muda mrefu. Akiwa anaishi mbali sana na ofisi au ana ajira nyingine inayomshughulisha saa za kazi, maafisa huanza kuuliza maswali.

Ulemavu wenyewe huthibitishwa kwa barua ya VA au ya Wizara ya Ulinzi. VA hupima ulemavu kwa asilimia, kuanzia sufuri hadi mia moja.

Hapa ndipo wengi hushangaa. Hakuna kiwango cha chini kinachohitajika. Hata mtu aliyepimwa akapewa asilimia sufuri anastahili, mradi VA imekubali kuwa hali yake ilitokana na utumishi.

Aidha, si lazima jeraha liwe la vitani. Askari aliyeumia mgongo kambini akipakia shehena, au aliyeanza kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya kelele za injini za ndege, huhesabiwa sawa na aliyepigwa risasi. Maradhi ya akili yanayotokana na vita yanatambuliwa pia.

Sheria imewakumbuka pia wanaobaki nyuma. Ikiwa mwanajeshi ana ulemavu wa kudumu unaomzuia kabisa kuendesha shughuli, mkewe au mumewe, au mtu anayemtunza daima, anaweza kuisimamia biashara kwa niaba yake.

Mwanajeshi akifariki, mjane au mgane anayerithi hisa zake anaweza kuendelea kunufaika kwa muda. Muda huo ni hadi miaka 10 ikiwa marehemu alikuwa na ulemavu wa asilimia 100 au alifariki kutokana na ulemavu huo, na hadi miaka mitatu katika hali nyingine. Haki hiyo hukoma mjane anapoolewa tena au anapouza hisa zake.

Wanajeshi wa kukodi

Penye asali hapakosi nzi. Punde tu zabuni zilipoanza kutengwa, walitokea wafanyabiashara wazima wa mwili, ambao hawajawahi kuvaa gwanda, waliotafuta mwanajeshi mlemavu wa kuweka jina lake kwenye stakabadhi.

Mwanajeshi huyo hulipwa kitu kidogo kila mwezi, akakaa nyumbani. Faida yote humwendea mwenye kampuni. Wamarekani huwaita watu wa aina hiyo wanajeshi wa kukodi.

Ulaghai huo ulirahisishwa na utaratibu wa miaka ya mwanzo. Isipokuwa kwa zabuni za VA, mfanyabiashara alijitangaza mwenyewe kuwa anastahili. Alijaza fomu na kutia alama mahali panapohusika.

Oktoba 2009, afisi ya ukaguzi ya Congress ilitoa ripoti iliyozua hasira. Ilichunguza kampuni 10 pekee na kubaini kuwa zilikuwa zimejipatia takriban dola milioni 100 za kandarasi za wanajeshi walemavu kwa njia ya udanganyifu.

Kesi kubwa zaidi zilifuata. Katika eneo la Kansas City, wafanyabiashara wa ujenzi walishtakiwa kwa kutumia majina ya wanajeshi kujipatia kandarasi za zaidi ya dola milioni 300. Mmoja wao alipatikana na hatia mbele ya baraza la mahakama mnamo 2022.

Wanaoumia hapa ni wawili. Mlipa ushuru hudanganywa, naye mwanajeshi halisi aliyewasilisha ombi lake kwa haki hukosa kazi.

Adhabu sasa ni kali. Anayedanganya kuhusu hadhi ya biashara yake anaweza kutozwa faini ya hadi dola 500,000 na kufungwa hadi miaka 10. Isitoshe, sheria ya 2010 ilieleza kuwa hasara ya serikali itahesabiwa kuwa thamani nzima ya kandarasi, hata kama kazi ilifanywa vizuri.

Kanuni nyingine inamzuia mshindi kuwa dalali tu. Katika kandarasi ya huduma, hawezi kupitisha zaidi ya asilimia 50 ya malipo kwa kampuni nyingine zisizo za hadhi kama yake. Katika ujenzi wa jumla, ambapo mafundi wengi huhitajika, kiwango hicho ni asilimia 85.

Cheti kabla ya zabuni

Dawa iliyofanya kazi zaidi ni uthibitisho wa mapema. Sheria ya 2006 iliitaka VA kuchunguza kila biashara iliyo kwenye orodha yake.

Uchunguzi huo nao ulikuwa na machungu yake. Wanajeshi halisi walikataliwa kwa sababu ya kifungu kimoja kwenye mkataba wa kampuni, kwa mfano kile kinachompa mshirika haki ya kwanza ya kununua hisa zinapouzwa.

Kwa muda mrefu pia VA na SBA zilitumia tafsiri tofauti za umiliki. Mtu mmoja na kampuni moja angekubaliwa na idara hii, akakataliwa na ile. Tafsiri hizo ziliunganishwa mnamo Oktoba 2018.

Kisha Januari 1, 2023, kazi yote ya kutoa vyeti ilihamishiwa SBA. Kujitangaza mwenyewe kukaanza kufutwa, na leo mwenye biashara anayetaka zabuni zilizotengwa sharti awe na cheti.

Cheti hutolewa bila malipo na hudumu miaka mitatu. Mwombaji hujisajili kwanza katika daftari kuu la wakandarasi wa serikali, ambako hupewa nambari ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12, kisha huwasilisha stakabadhi za umiliki na za uendeshaji.

Kwa kuwa kila hatua ni bure, mwanajeshi anashauriwa kujihadhari na mawakala wanaodai ada ili wamsajili.

Kuna msaada wa kumwongoza. Vituo vya ushauri wa zabuni, vilivyoanzishwa mnamo 1985 chini ya Wizara ya Ulinzi, humfundisha jinsi ya kusoma tangazo na kukadiria bei. Vituo vingine vya SBA huwahudumia wanajeshi pekee, na yapo mafunzo ya biashara kwa wale wanaojiandaa kuvua gwanda.

Upo pia mpango wa mlezi, ambapo kampuni kubwa huruhusiwa kushirikiana na ndogo ili kuikuza bila kuipokonya hadhi yake. SBA vilevile hudhamini sehemu ya dhamana ambazo wakandarasi wa ujenzi hudaiwa kabla ya kuanza kazi.

Kufikia mwaka wa kifedha wa 2023, kiwango kilichofikiwa kilipita asilimia tano ya kandarasi zinazohesabiwa katika lengo hilo. Desemba 22, 2023, Rais Joe Biden alitia saini sheria iliyopandisha lengo lenyewe kutoka asilimia tatu hadi tano.

Jambo moja ambalo halitajwi sana ni malipo. Tangu 1982, sheria ya Marekani huzitaka idara kulipa ndani ya siku 30 baada ya kupokea ankara iliyo sawa, na kuongeza riba zikichelewa. Mfanyabiashara mdogo aliyekopa ili anunue vifaa hawezi kuishi bila kanuni hiyo.

Funzo kwa Kenya

Msomaji atauliza: haya yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kwa sababu Kenya ina mpango wake. Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 kinaruhusu makundi yaliyobaguliwa kupewa kipaumbele katika ununuzi wa umma. Oktoba 2013 serikali ilizindua mpango maarufu wa AGPO, unaotenga angalau asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inasema kuwa kundi linalotaka kunufaika sharti liwe na angalau asilimia 70 ya wanachama kutoka makundi hayo, na uongozi wake wote utoke humo. Kwa maandishi, sharti hilo ni kali kuliko asilimia 51 ya Wamarekani.

Mwanajeshi Mkenya aliyelemaa hana fungu lake mwenyewe katika mpango huo. Huingia kupitia mlango wa watu wenye ulemavu, baada ya kusajiliwa na baraza lao la kitaifa.

Tangu wanajeshi wetu walipovuka mpaka kuingia Somalia mnamo Oktoba 2011, si wachache waliorudi wakiwa na majeraha ya kudumu. Bunge lilipitisha Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022 ili kushughulikia maslahi ya waliostaafu. Suala la zabuni ni hatua ambayo bado inaweza kujadiliwa.

Wapo pia Wakenya ambao hali yao inawagusa moja kwa moja: wale waliohamia Marekani, wakajiunga na jeshi la nchi hiyo na kuumia. Wengi hufahamu malipo ya ulemavu na karo ya chuo. Wanaopenda biashara wanafaa kujua kuwa barua ile ile ya VA inayowapa malipo inaweza pia kuwa hatua ya kwanza ya kupata cheti cha SBA.

Kwa watunga sera wetu, safari ya Wamarekani inaonyesha mambo matatu. Asilimia ikitajwa bila afisa kulazimishwa huishia kwenye karatasi. Zabuni ikitengwa bila mwenye kampuni kuchunguzwa huliwa na walaghai wanaojificha nyuma ya jina la mlemavu. Na malipo yakichelewa, hata mshindi halali hufilisika.

Jambo hilo la tatu wafanyabiashara wetu wanalijua vyema. Kilio cha ankara zinazokaa miaka katika wizara na kaunti kimekuwa wimbo wa kila bajeti. Kijana, mwanamke au mlemavu aliyechukua mkopo wa benki ili atimize zabuni ya AGPO huanza kukimbizana na madalali wa mnada huku serikali ikimdai uvumilivu.

Marekani yenyewe haijamaliza kazi. Ililazimu kampuni moja ndogo kupigana hadi Mahakama ya Juu ili neno la wazi katika sheria liheshimiwe, na bado kesi za wanajeshi wa kukodi hufika mahakamani.

Lakini kati ya 1999 na 2023, kundi lililokuwa halipati karibu chochote lilifika mahali pa kupata shilingi tano katika kila mia. Kilichowafikisha huko ni sheria iliyorekebishwa kila ilipoonekana kuvuja, mkaguzi aliyeruhusiwa kusema ukweli na jaji aliyesoma neno kama lilivyoandikwa.

Ahadi ni deni, na deni la mtu aliyetoa kiungo chake kwa ajili ya nchi halipaswi kungoja miaka 12.